Kashata Bado Nene, Mbona Naambiwa Nibadili Matairi?

Swali: "Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua gari dogo lililotumika. Matairi yake yana kashata nene, yaani ule mpira wa juu wenye mifereji unaokanyaga barabara, ukiyatazama utadhani mapya. Juzi nilipokwenda kujaza upepo, kijana aliyeshika pampu akaniambia tairi la mbele kushoto limetoa nundu ubavuni, ukubwa kama nusu ya limau, na ya nyuma yana nyufa. Muuza matairi anasema nibadili yote manne. Shemeji yangu anasema maadamu kashata zipo tairi ni zima, nisipeleke hela kwa watu bure. Nikifika mwendo wa 80 usukani unatetemeka kidogo. Nimesoma namba za ubavuni kama nilivyoelekezwa: ya mbele yote mawili yameandikwa 4021, ya nyuma 1716. Nimsikilize nani? Na mimi mwenyewe nitayakaguaje bila kutegemea maneno ya watu?"

Marahaba, dada. Nianze na lisilongoja. Tairi la mbele kushoto livuliwe leo, spea ikae mahali pake, na kama huna spea ya kuaminika basi gari lilale. Hayo mengine tutayachukua polepole, lakini tairi lenye nundu halina mjadala.

Nikueleze kilichotokea humo ndani. Ubavu wa tairi la gari dogo ni mpira mwembamba uliofunika nyuzi, mara nyingi za poliesta, zilizolazwa sambamba kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi wa pili. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba nguvu ya upepo. Mpira unazuia tu upepo usivuje na kuzikinga nyuzi na maji na jua. Waya za chuma ziko chini ya kashata, na nyingine zimezunguka ule ukingo unaokaa kwenye rimu. Sasa gari likitumbukia shimoni kwa mwendo, ubavu hubanwa kati ya ncha ya shimo na mdomo wa rimu, kama kidole kilichobanwa na mlango. Nyuzi kadhaa hukatika papo hapo. Kwa nje huenda usione hata mkwaruzo. Baadaye upepo unakuta pale hapana wa kuushika, unausukuma mpira, nundu inachomoza.

Kwa hiyo hapo penye nundu umebaki mpira peke yake. Litapasuka lini? Laweza kukaa miezi, laweza kupasuka kesho ukiwa na abiria wanne, lami imepata moto na wewe uko kwenye 100. Na haliungwi. Kiraka cha ndani hakirudishi nyuzi zilizokatika, na mtu akikushauri atie tyubu, mwambie tyubu ni puto: itaufuata mpira kule kule unakovimba.

Ila usije ukaogopa kila kitu cha ubavuni. Kuna matairi mengi yenye kibonyeo, kijimfereji chembamba kilichoingia ndani, kimesimama wima kutoka karibu na rimu hadi kwenye bega la tairi, pale ubavu unapokutana na kashata. Wateja huniletea hayo wakiwa na hofu, nami huwarudisha nyumbani. Pale ndipo kiwandani ncha mbili za kitambaa cha nyuzi zilipopandana. Nyuzi zimekuwa tabaka mbili, hazinyooki sana kama jirani zao, basi mpira unaonekana umeingia. Kinachoingia ndani namna hiyo kiache. Kinachotoka nje ndicho adui.

Na ukishaona nundu upande wa nje, usisahau kwamba ubavu wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, ulipita kwenye shimo lile lile. Fundi akivua matairi ya mbele yote mawili, mwambie ayalaze chini na mpitishe viganja pande zote. Aikague na rimu hapo hapo, maana pigo la kukata nyuzi mara nyingi huipinda rimu pia.

Hapo tumegusa ule mtetemo wako. Usukani ukitetemeka kuanzia mwendo fulani, kwa kawaida shida iko mbele: kipande cha risasi cha balansi, yaani cha kusawazisha uzito wa gurudumu, kimedondoka, au rimu imepinda, au tairi lenyewe si duara tena. Nundu pekee yaweza kuleta mtetemo huo. Kwa hiyo usilipie balansi leo. Ondoa kwanza tairi bovu, rimu ikaguliwe, weka tairi zima, halafu ndipo balansi ifanywe. Mtetemo ukiwa unakuja pale unapokanyaga breki tu, hiyo ni kesi ya disiki za breki na matairi hayamo.

Kuna mtetemo mmoja nisioufanyia mzaha. Ukianza ghafla kwenye tairi ambalo jana lilikuwa shwari, ukaongezeka siku hadi siku, na ukipapasa juu ya kashata unakuta sehemu imeinuka kama mto mdogo, hizo ni tabaka za waya zinaachana na mpira. Hatua inayofuata ni kashata yote kuchomoka kama ganda la chungwa. Mwaka 2000 nchini Marekani kampuni ya Firestone iliagiza matairi milioni 6.5 yarudishwe kwa tatizo la namna hiyo, kashata kubanduka gari likiwa mwendoni, na watu wengi walikufa magari yalipopinduka. Upepo mdogo na joto vilitajwa miongoni mwa visababishi. Sheria ikapitishwa huko mwaka huo huo, na ndiyo iliyoleta ile taa ya upepo unayoiona kwenye dashibodi za magari ya siku hizi.

Sasa shemeji. Shemeji hajakosea, amesoma nusu ya ukurasa. Kashata ni muhimu kweli. Tairi jipya la gari dogo huwa na mfereji wa takriban milimita 8, na nchi nyingi zinaharamisha kutembelea tairi likiwa chini ya milimita 1.6. Kupima huna haja ya chombo. Angalia ndani ya mifereji mikubwa inayozunguka tairi, utaona vijituta vidogo vya mpira vimelala kukatiza mfereji, na kwenye bega la tairi kuna herufi TWI au pembetatu ndogo inayokuelekeza kilipo kila kimoja. Kijituta hicho kimewekwa kwenye hiyo milimita 1.6. Uso wa tairi ukilingana nacho, hata mahali pamoja tu, tairi limekwisha. Mimi sisubiri hapo. Milimita 1.6 ni ya kukuepusha na askari. Mvua haiijui. Kazi ya mifereji ni kuyapa maji pa kupita, na ikibaki mifupi maji yanakosa njia, tairi linapanda juu yake na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umeshika hewa. Ukifika milimita 3 anza kutafuta fedha.

Kosa la shemeji ni hili: kashata inahesabu kilomita, haihesabu miaka. Gari linalokwenda sokoni na kurudi, wiki nzima limeegeshwa juani, linaweza kuzeesha matairi kashata zikiwa nene vile vile. Na hilo ndilo lililokupata wewe kule nyuma.

Zile tarakimu nne ulizosoma ziko mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, mara nyingi ndani ya kiduara kirefu kama yai. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ya mbele yalitoka kiwandani wiki ya 40 ya mwaka 2021, mwanzoni mwa Oktoba. Ya nyuma ni wiki ya 17 ya 2016, yaani mwezi wa nne. (Mstari huo kamili huenda uko upande mmoja tu wa tairi. Usipouona kwa nje, uko upande wa chini ya gari. Usimkubalie mtu anayekwambia tairi lake halina tarehe. Na ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, litafutie kazi ya bembea.)

Watengenezaji wengi wa magari wanataka tairi libadilishwe likitimiza miaka 6, liwe na kashata au lisiwe nazo. Watengeneza matairi wakubwa kama Michelin na Continental wanaweka mwisho kabisa kwenye miaka 10 tangu tairi litengenezwe, spea ikiwamo, hata likiwa linameta. Sababu iko kwenye mpira wenyewe. Mpira wa tairi umepikwa na salfa ili uwe mgumu na bado unyumbuke, na mpishi huyo haachi kupika kabisa: joto na oksijeni vinaendelea kuukausha mwaka hadi mwaka. Ozoni ya hewani nayo inaupasua pale ulipovutika. Kiwandani huchanganya nta fulani na dawa ya kuzuia ozoni kwenye mpira, na tairi linapokunjuka barabarani vyote viwili hupenya hadi juu na kuupaka uso. Ndiyo maana wakati mwingine ubavu unakuwa na rangi ya kahawia, na watu wanasugua wakidhani ni uchafu. Gari linalokaa tu halipati huo mkunjo wa kuileta nta juu. Hapo utaelewa kwa nini tairi la gari lililoegeshwa sana huchanika mapema kuliko la gari linalotembea.

Nyufa zenyewe zisome hivi. Zile nyembamba kama unywele, ziko juu juu, ukizibonyeza na kidole gumba hazifunguki, hizo ni mvi: zinakwambia umri, usihamaki. Zikifunguka unapobonyeza, au zikawa zimeungana kuwa mstari unaozunguka ubavu, au ukaona nyuzi humo ndani, tairi limestaafu. Kisha inama utazame chini kabisa ya mifereji ya kashata. Nyufa za hapo watu wengi hawazioni kwa sababu macho yanaishia kwenye mpira uliosimama, na ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa chini yake zipo waya, na maji yakizifikia yanaanza kuzitia kutu. Kwa tairi la 2016 lenye nyufa ambazo hata kijana wa pampu aliziona akiwa amesimama, mimi sihitaji kuliona.

Kwa hiyo hesabu inakuwaje? Matatu hayafai: moja kwa nundu, mawili kwa uzee. Limebaki la mbele kulia, la 2021. Muuza matairi alikuwa karibu na ukweli, ila hakukueleza sababu, na mtu asiyeelezwa ana haki ya kushuku. Kabla hujakubali manne, fungua buti uitoe spea. Soma tarakimu zake. Kama ni tairi kamili la ukubwa ule ule, halijazeeka, na kashata yake haijapishana sana na hilo la 2021, hayo mawili yanaweza kukaa pamoja mbele na wewe ukanunua mawili tu. Matairi ya ekseli moja yanatakiwa yawe ndugu: ukubwa mmoja, aina moja, kina kinachokaribiana. Kama spea ni kuukuu, na mara nyingi ndivyo ilivyo kwa kuwa hakuna anayeikumbuka, nunua manne na hilo la 2021 lifanye spea. Kama spea yako ni ile nyembamba ya dharura, hiyo imeandikiwa kabisa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa na upepo wake ni psi 60 (psi ni kipimo cha upepo kwenye geji), karibu mara mbili ya matairi mengine. Ni ya kukufikisha kwa fundi, usiiache ikae wiki.

Na ukinunua mawili, mapya yaende nyuma. Najua hapo shemeji atapiga kelele, atasema gari linavutwa na matairi ya mbele, mapya yakae mbele. Mwulize hivi: kwenye maji, ungependa gari liteleze mbele au nyuma? Mbele zikiteleza, gari linagoma kukata kona, wewe unaondoa mguu kwenye mafuta, mwendo unapungua, matairi yanashika tena. Nyuma zikiteleza, gari linageuka lenyewe kama mlango, na dereva wengi hawana muda wa kulirudisha. Haidhuru injini inavuta wapi.

Haya, sasa kukagua mwenyewe. Fanya asubuhi, gari halijawashwa, likiwa mahali tambarare. Utahitaji geji ya upepo, tochi na kiganja chako.

Zungusha usukani wote hadi mwisho upande mmoja. Sasa nyuso za matairi ya mbele zimejitokeza, chuchumaa utazame kuanzia ukingo wa nje hadi ukingo wa ndani. Nasisitiza ndani. Kuna dereva aliwahi kunijia ajaziwe upepo tu, anawahi safari. Ukimtazama ukiwa umesimama, matairi yake ya mbele hayana neno, kashata unaweza kuficha ncha ya kidole. Nikamwomba akate usukani. Ukingo wa ndani, upana wa vidole viwili hivi, ulikuwa umelika ukaisha, waya zimetoka nje zinang'aa kama nywele za shaba. Alikuwa ametembelea vile kwa muda asioujua. Sisi tunasema tairi "linakula ndani", na gari linaweza kula ndani hadi tairi likapasuka bila mwenyewe kuona chochote kwa nje.

Ukishahakikisha kwa macho kwamba hakuna waya wala msumari (waya za tairi zinachana ngozi kama wembe), pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe kutoka ndani kwenda nje. Kikienda laini upande mmoja na kukwaruza kama msumeno upande wa kurudi, magurudumu hayatazami mbele sawasawa, yanaburutwa kiubavu kidogo kidogo kila mzunguko. Hiyo ni shida ya alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Jicho halioni kitu hapo, kiganja kinajua mara moja. Halafu kipitishe kuzunguka tairi. Ukikuta milima na mabonde, hapa pamelika, hapa pamebaki, hapa pamelika tena, gurudumu linarukaruka: tazama shokapu zilizochoka, au balansi.

Kulika mabega yote mawili huku katikati pamebaki ni upepo mdogo wa muda mrefu. Katikati kuisha mabega yakiwa yamebaki ni upepo uliozidi. Doa moja tu lililonyolewa ni breki iliyofunga gurudumu siku moja ya mshtuko.

Ukigundua tairi linakula upande mmoja, usikimbilie mashine ya alaimenti. Kwanza fundi anyanyue gari kwa jeki atikise gurudumu, aangalie boljointi, bushi na tai rodi, vile viungo vinavyoshika gurudumu na usukani. Kikiwa kimojawapo kimelegea, alaimenti utakayolipia itapotea kwenye tuta la kwanza.

Ya nyuma hayageuki, kwa hiyo ni kupiga magoti na tochi, au ingiza simu nyuma ya tairi upige picha. Baadaye sogeza gari mbele nusu mzunguko wa gurudumu utazame tena, maana sehemu iliyokuwa imekaliwa chini hukuiona.

Msumari ukiuona, usiung'oe. Huenda wenyewe ndio kizibo. Pima upepo, nenda kwa fundi wa pancha taratibu. Pancha inayokubali kuzibwa ni ile iliyo katikati ya kashata, tundu lisilozidi milimita 6, na tairi livuliwe kwenye rimu lizibwe kutoka ndani kwa kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Ile kamba inayosukumwa kutoka nje inakufikisha nyumbani. Haimwonyeshi fundi kama tairi lilitembelewa likiwa halina upepo. Likitembelewa hivyo, ndani unakuta unga mweusi wa mpira umetapakaa na ubavu umechakaa kama soli. Hilo haliongezwi maisha na kiraka. Pancha ya begani au ubavuni haizibwi kabisa, kwa sababu ile ile ya nyuzi niliyokueleza kwenye nundu.

Upepo ndio unaoua matairi mengi kuliko misumari yote. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi kila mzunguko, kujikunja kunazaa joto, na joto linaachanisha tabaka. Kiwango chako kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, wakati mwingine ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Ile namba iliyoandikwa ubavuni pamoja na neno "MAX" usiifuate. Hiyo ni kikomo cha tairi, haijui gari lako lina uzito gani. Pima tairi likiwa baridi, yaani gari limeegeshwa kwa muda wa saa tatu hivi. Tairi likipata moto upepo unapanda, takriban psi 1 kwa kila nyuzi joto 6 za Selsiasi, na wapo wanaoona geji imepanda safarini wakautoa. Likipoa wanabaki na upepo pungufu. Hata tairi lisilo na tundu hupoteza kama psi 1 kwa mwezi. Na usipime kwa kulipiga teke. Tairi la siku hizi laweza kupoteza psi kadhaa na bado likasimama vile vile. Kama gari lako lina taa ya upepo, isikulaze: kwa kanuni ya Marekani, kwa mfano, inatakiwa iwake upepo ukishapungua asilimia 25 chini ya kiwango. Hapo tairi limekwisha kuteseka siku nyingi.

Valvu nayo, pale unapojazia upepo, ipinde kidogo kwa kidole. Mpira wake ukionyesha nyufa shinani, ibadilishwe, na kila unapofunga tairi jipya funga na valvu mpya. Tone la maji ya sabuni juu yake litakuonyesha kama inavuja.

Ukienda kununua, nakili maandishi ya ubavuni yote, tuseme 185/65 R15 88H. Wauzaji wanashika upana na rimu, wanasahau mwisho. Hiyo 88 ina maana tairi moja linabeba kilo 560, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Kisha soma tarehe kabla hujalipa. Tairi laweza kuwa halijawahi kugusa barabara na bado likawa limekaa miaka ghalani.

Mtu akikushawishi kwa tairi lililotumika, lisugue na kitambaa chenye maji. Rangi nyeusi ya kung'arisha inafunika nyufa vizuri sana kwa siku moja. Halafu kitafute kile kijituta cha TWI ndani ya mfereji. Kuna watu wanachonga mifereji upya kwa kisu cha moto kwenye tairi kipara, na kisu hicho kinapopita kinakikata kijituta, au chini ya mfereji panakuwa na kingo za kukwaruza badala ya ule ulaini wa kiwandani. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa yachongwe, nayo yameandikwa "REGROOVABLE" ubavuni. Ya gari dogo kama lako hayana mpira wa kuchongwa. Kilichobaki chini hapo ni waya.

Baada ya kufunga, tembea kama kilomita 50 hadi 100 kisha nati zikazwe tena. Na hilo lenye nundu usiliache kwa fundi hivi hivi. Mwambie alikate ubavu mbele yako, kwa sababu kashata zake bado nene, na rangi nyeusi haikosekani.